Punda wangu hukonda kila kiangazi, farasi wa Kanada wananona kwenye theluji: kwa nini?

Swali: Shikamoo daktari. Nina punda watatu hapa kijijini kwetu, wilaya ya Nzega. Ndio wanaonisombea maji, kuni na mazao. Mvua zikikatika wanakuwa wazuri tu, ila kuanzia Agosti wanakonda mpaka mbavu zinahesabika. Mwaka jana nilikuwa nao wanne. Oktoba jike mmoja mwenye mimba aligoma kula, akalala chini, siku ya tatu akafa. Sasa hivi jike mwingine ana mimba na nina wasiwasi. Mdogo wangu yuko Kanada, anafanya kazi kwenye shamba dogo la farasi karibu na Calgary. Ananitumia picha za farasi waliosimama nje kwenye theluji, wamenona, wengine wamevishwa mablanketi. Ananishauri nijenge banda niwe nawafungia usiku, niwashonee mablanketi ya magunia kwa baridi ya Juni na Julai, na niwape pumba ndoo nzima kila jioni. Nifanye hivyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa punda uliyempoteza. Kwa mtu anayesomba maji kwa punda, hiyo ni hasara ya nyumba nzima.

Nikujibu kwanza kwa kifupi, maelezo yatafuata. Mablanketi usishone. Pumba ndoo nzima usimpe punda hata mmoja, hata siku moja. Banda jenga, ila ulijenge kwa sababu ya mvua za Novemba na si kwa baridi ya Juni, na usiwafungie humo usiku kama hakuna cha kula ndani. Mdogo wako anakutakia mema, na anayoyaona kule ni ya kweli. Lakini kilichowanonesha wale farasi hakimo kwenye picha alizokutumia. Kiko ghalani, na kilivunwa miezi kadhaa kabla theluji haijaanguka.

Shamba kama lile linaendeshwaje? Calgary iko kaskazini mno. Desemba jua huchomoza saa 2 na nusu asubuhi hivi, na ikifika saa 10 na nusu jioni limeshazama. Tangu Novemba mpaka Aprili hakuna jani linaloota. Mfugaji analijua hilo mapema, kwa hiyo Juni na Julai, wakati nyasi zake ziko kwenye ubora wake, anazikata, anazianika na kuzifunga marobota ya hei. Farasi wa kilo 500 anakula kama kilo 10 za hei kwa siku. Kwa miezi sita unakaribia tani 2 kwa farasi mmoja. Mwenye farasi watano ambaye hajaweka tani 10 chini ya paa kufikia Oktoba halali usingizi. Kazi nyingine zote za majira ya baridi, yaani kuvunja barafu kwenye mabeseni ya maji, kuchokonoa mabonge ya theluji kwenye kwato, kuzoa mavi yaliyoganda, zinafuata nyuma ya hiyo moja.

Hei yenyewe ndiyo inayompasha farasi joto, na hapa watu wengi hupotea. Nyasi ngumu zikifika kwenye utumbo mpana, vijidudu vilivyomo huzichachusha, na uchachushaji ule hutoa joto kwa saa nyingi, kama lundo la samadi mbichi linavyofuka alfajiri. Ndiyo maana baridi ikizidi, mfugaji mzoefu wa kule hakimbilii nafaka, anaongeza hei. Farasi mzima, mkavu, mwenye manyoya kamili na tumbo lililojaa hei huvumilia hata nyuzi 15 chini ya sifuri akiwa amesimama nje, mradi apate ukuta wa kumkinga upepo. Manyoya yale huanza kuota tangu mchana unapoanza kufupika, kabla baridi haijafika. Blanketi ni la mzee, mgonjwa, aliyekonda, au yule aliyenyolewa kwa sababu anapandwa na kutoka jasho. Mwulize mdogo wako ni farasi gani wanaovishwa pale shambani. Nadhani atakuta ni wa namna hiyo.

Sasa usiku wetu wa Juni na Julai hapa Tabora hushuka mpaka nyuzi 14 au 15, juu ya sifuri. Wewe utavaa sweta, punda hana haja nalo. Gunia lenyewe litashika umande na jasho, litafuga chawa, na litasugua palepale tandiko linaposugua mchana. Nimeona migongo ya punda iliyooza kwa namna hiyo, na kidonda cha mgongo wa punda hakiponi mnyama akiwa bado anabebeshwa.

Jambo la pili ambalo picha hazionyeshi ni kazi. Mwulize mdogo wako hao farasi wanafanya nini Januari. Wengi hawafanyi lolote. Chakula kimeongezwa, kazi imepunguzwa, na ndiyo maana wamenona. Kwetu tunafanya kinyume chake. Mvua zikikatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, majani yanakomaa, yanakauka, na yanayobaki yanaunguzwa na moto. Julai mpaka Oktoba punda anaokota mabaki. Na miezi hiyohiyo ndiyo tunayosomba mavuno, matofali, kuni na mkaa, ndiyo visima vya karibu vinakauka na safari ya maji inakuwa ndefu maradufu. Tunampunguzia chakula na kumwongezea kazi kwa wakati mmoja, halafu tunalaumu ukame. Punda wako hakondi kwa baridi wala kwa jua. Kinachomkondesha ni hesabu hiyo, na hesabu hiyo unaweza kuibadilisha.

Umeniandikia Aprili, na nashukuru, kwa sababu kazi kubwa inafanyika sasa hivi.

Punda wetu wa kawaida ana uzito wa kilo 130 hadi 160. Kwa siku anahitaji kiasi cha kilo 3 hadi 3 na nusu za nyasi kavu, au zaidi kidogo kama anafanya kazi nzito. Tufanye kilo 3 na nusu. Punda watatu, siku 120 za Julai hadi Oktoba, ni kilo 1,260. Lakini wako wanatoka, wanachunga, wanaokota majani ya vichakani na mabaki ya shambani; tuseme nusu wanajitafutia wenyewe. Unabaki na kilo 630. Ongeza zitakazokanyagwa, kuoza au kuliwa na mchwa, zifike 750. Robota la kufungwa kwa mkono lina kilo 15 hivi, kwa hiyo unahitaji marobota 50. Siyo mlima. Familia yenye watu watatu wenye mundu inaweza kuyakusanya Mei, asubuhi asubuhi, kabla ya mavuno kuwabana.

Usikate nyasi ndefu za kuezekea. Hizo zikishatoa suke ni vijiti. Punda atazila akikosa jingine, lakini hazijengi mwili. Tafuta nyasi fupi na laini zilizoota kwenye mashamba yaliyopumzishwa, kingo za majaruba ya mpunga, na sehemu za mbuga ambazo maji yamekauka. Kata zinapoanza kuchanua, si zikishamwaga mbegu. Tatizo letu ni kwamba mwanzoni mwa Aprili nyasi ni nzuri lakini mvua inaweza kuziharibu zikiwa chini, na mwisho wa Mei jua ni zuri lakini nyasi zimekomaa. Kwa Nzega mimi huwaambia watu waanze mvua zinapopungua, wakate eneo dogo dogo, wasubiri likauke, ndipo wakate jingine. Anika siku mbili au tatu, ukigeuza mara mbili kwa siku. Chukua mkono mmoja wa nyasi uzisokote: zikilainika na kuacha unyevu mkononi, bado; zikivunjika zote kuwa unga, umezichelewesha na majani yamepukutika. Zinapaswa kuwa kavu, zinukie vizuri, na bado ziwe na rangi ya kijani. Zilizofungwa mbichi zitaota ukungu, na lundo kubwa linaweza hata kushika moto lenyewe.

Mashine huhitaji. Fundi seremala akutengenezee sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandaza kamba mbili za katani ndani, jaza nyasi huku mtu akizikanyaga, funga, kisha nyanyua sanduku. Kamba za nailoni ukizitumia, zikusanye zote siku ya kulisha. Punda akimeza kipande kinajikunja tumboni. Marobota yapange juu ya kichanja, nusu mita kutoka ardhini kwa ajili ya mchwa, chini ya paa la nyasi au bati. Turubai lililogusa nyasi moja kwa moja hutoa jasho na kuozesha safu ya juu.

Kwa upande wa chakula cha kusimama, wewe uko sehemu yenye urithi ambao Kanada hawana. Wazee wa Kisukuma na Kinyamwezi walitenga ngitili: eneo linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo hairuhusiwi kuingia, nyasi zinakua na kukaukia palepale, na linafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Majirani zenu wa Shinyanga waliufufua utaratibu huu kwa bidii kuanzia mwaka 1986 kupitia mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na maeneo yaliyokuwa vumbi yakarudi kuwa na miti na nyasi. Kama familia yenu au kitongoji kina ngitili, zungumza na wazee punda wako waingie pamoja na ng'ombe, tena waingie mapema kidogo, Julai, wakiwa bado na nyama, badala ya kusubiri wawe mifupa. Kama haipo, hata robo ekari nyuma ya nyumba iliyozungushiwa miiba ni ngitili yako.

Halafu kuna mabaki ya shamba, ambayo watu huyachoma bila huruma. Majani ya karanga ni dhahabu. Mkishang'oa na kupukuchua, yakusanyeni siku hiyohiyo, myaanike kivulini, mumhifadhie jike mwenye mimba. Marando ya viazi vitamu yakishanyauka punda huyapenda sana. Mabua ya mahindi na mtama yanafaa kujaza tumbo. Mwekee mengi kuliko anayoweza kula ili achague majani na kuacha vijiti, na vijiti hivyo viwe matandiko ya banda. Tumbo la punda hunufaika na nyasi duni kuliko la farasi, maana mababu zake walitoka kwenye nchi kame za pembe hii ya Afrika. Hilo ni la kumshukuru, lakini lisitumike kama kisingizio. Mabua ya mpunga yawe ya mwisho kabisa. Yana mchanga mwingi wa asili ndani yake na lishe kidogo.

Pumba sasa. Tumbo la punda limeumbwa kwa nyasi nyingi zinazoingia polepole. Ukimmwagia ndoo ya pumba kwa mkupuo, hasa akiwa na njaa, wanga unachachuka kwa kasi, tumbo linajaa gesi, anaanza kujipiga mateke ya tumbo na kugaragara. Akinusurika hapo, siku chache baadaye kwato zinaweza kuvimba ndani akashindwa kukanyaga. Pumba ni nyongeza. Mpe punda anayefanya kazi nusu kilo asubuhi na nusu kilo jioni, baada ya nyasi, si kabla. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha umwongezee konzi mbili za mashudu ya alizeti. Anza na konzi moja ya pumba na upandishe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Chumvi ya kawaida kijiko kimoja kwa siku, au donge la chumvi ya Uvinza wanapolala, walambe wenyewe.

Kuna vitu vinavyoua, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Mahindi yaliyoota ukungu, yale mnayoyachambua na kuyatupa kwa kuogopa sumukuvu, usimpe punda, wala pumba zake. Kuna sumu ya ukungu wa mahindi inayoharibu ubongo wa farasi na punda hasa: anaanza kuzunguka, anasukuma kichwa ukutani, haoni, na hakuna dawa. Chakula cha kuku cha dukani usimpe hata mabaki. Baadhi yake kinachanganywa dawa za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa kuku, ambazo kuku hazimdhuru lakini huua moyo wa punda. Chakula cha kunenepesha ng'ombe nacho vivyo hivyo. Na kwa wenzako wa Urambo, Kaliua na Sikonge watakaosoma hapa: mashina ya tumbaku yasiachwe karibu na punda mwenye njaa, na mabani ya kukaushia tumbaku yafungwe.

Turudi kwa yule farasi wa Calgary, maana kuna jambo moja linalomfananisha na punda wako kabisa. Kipindi cha baridi farasi anakula hei kavu tupu, na maji yakiwa ya barafu anakunywa kidogo. Chakula kikavu bila maji kinaganda utumboni, na farasi hufa kwa kuziba tumbo. Wafugaji wa kule hutumia ndoo zenye umeme wa kupasha maji ili tu farasi anywe vizuri, kwa siku lita 30 au zaidi. Punda wako Septemba yuko katika hali ileile: mabua makavu, maji kidogo. Na yeye ndiye aliyeyabeba hayo maji! Naona punda wanaofika kisimani, wanabebeshwa madumu, wanageuzwa kurudi bila kuachwa wanywe, eti foleni ni ndefu. Punda huvumilia kiu kuliko mnyama yeyote wa nyumbani isipokuwa ngamia, kwa hiyo hatalalamika. Mpe maji asubuhi kabla ya safari, kisimani kabla ya kubebeshwa, na jioni. Atakunywa lita 10 hadi 25 kwa siku kutegemea joto na kazi. Wanaoishi jirani na bomba la maji ya Ziwa Victoria wamepata nafuu kubwa. Nawaomba nafuu hiyo imfikie na punda.

Katika kiu na njaa hiyo punda huokota plastiki. Mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vifungashio na vipande vya viroba bado vimezagaa sokoni na jalalani. Hujikusanya tumboni miezi mingi, na mwenye punda huona tu mnyama anakonda. Usimwachie ashinde jalalani.

Mzigo nao uupime upya kila mwezi. Punda wa kilo 150 abebe mgongoni kilo 50, yaani theluthi ya uzito wake: madumu mawili ya lita 20 na tandiko. Madumu manne ni kilo 80, na hilo ndilo ninaloliona barabarani kila siku. Akikonda mpaka kilo 120, theluthi yake ni 40 pamoja na tandiko, yaani madumu mawili yasiyojaa, na hakuna mtoto wa kupanda juu. Kama mnaweza kuchangia mkokoteni na majirani, fanyeni. Mzigo uleule juu ya magurudumu yaliyopakwa grisi unamwondolea mgongo shida. Na Septemba na Oktoba mpumzishe kila punda siku mbili kwa wiki. Una watatu, inawezekana kuwapokezanisha.

Usiku ndio wakati wake wa kula. Punda akiwa huru hutumia zaidi ya nusu ya siku nzima akitafuna, na sehemu kubwa ya hiyo ni usiku. Akifanya kazi mchana, kisha ukamfungia bandani tangu saa 12 jioni mpaka alfajiri bila kitu, umemnyima karibu chakula chote. Naelewa kwa nini watu wanawafungia. Wizi wa punda kwa ajili ya ngozi umewatia watu umaskini, na hata baada ya viongozi wa Umoja wa Afrika kukubaliana Februari 2024 kuizuia biashara hiyo, usimwache punda wako porini usiku. Mfungie, lakini mwekee hei au mabua kwenye hori, na ndoo ya maji. Banda lenyewe lisiwe la kuziba pande zote: paa zuri, ukuta pande tatu, mgongo wake uelekee upepo unakotokea, sakafu imeinuka isituamishe maji.

Nilisema banda ni la mvua. Manyoya ya punda hayatiririshi maji kama ya farasi. Hulowa mpaka kwenye ngozi. Mvua za kwanza za Novemba zinamkuta akiwa amekonda kuliko wakati wowote, zinamlowesha, usiku anatetemeka na hana mafuta ya kuchoma. Siku hizohizo tunamtoa kwenda shambani. Na siku hizohizo majani mabichi yanachipua, anayavamia, anaharisha. Punda wengi wa mkoa huu wanafia hapo, wakati mwenyewe anasema afadhali, mvua imekuja. Wa Kanada nao wana hatari yao ya namna hiyo: theluji ikiyeyuka na majani mabichi kutoka, humwachia farasi saa moja tu malishoni, kisha mbili, huku hei ikiendelea. Nawe weka akiba ya marobota 10 mengine, zaidi ya yale 50, usiyaguse mpaka Novemba, uwape kila asubuhi kabla hawajatoka kuchunga.

Usitumie macho kupima unene wa punda, hasa Juni wanapokuwa na manyoya mazito na tumbo limejaa mabua. Weka kiganja ubavuni ukandamize kidogo. Ukizihisi mbavu chini ya ngozi yenye nyama kiasi, yuko sawa. Ukizihisi kabla hujakandamiza, na uti wa mgongo umechongoka, umeshachelewa na lazima uongeze chakula leo na kupunguza mzigo. Fanya hivyo kila mwanzo wa mwezi kuanzia Mei. Mei hiyohiyo mpe dawa ya minyoo ya kunywa, si sindano ya ng'ombe, na mtaalamu amkague meno na kupunguza kwato. Punda mzee anayedondosha mabonge ya nyasi zilizotafunwa nusu hatanenepa kwa chakula chochote mpaka meno yashughulikiwe.

Kama mmoja anakonda peke yake huku anakula vizuri, homa inakuja na kuondoka, ufizi umepauka, na chini ya tumbo pamevimba, fikiria nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo. Nzega ndorobo si wengi kama kwenye misitu ya miombo ya Kaliua na Sikonge, lakini punda anayepelekwa mbali kufuata kuni au mkaa anaweza kurudi nayo. Ndorobo na visubi ndio waliotunyima farasi huku. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja Unyanyembe, hapa Tabora, alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa mwanzoni tu mwa safari. Punda anavumilia zaidi, ila havumilii yote. Afisa mifugo wa kata achukue damu ipelekwe Maabara ya Veterinari, tawi lipo Tabora mjini. Usikubali mtu amchome dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Kwa punda tofauti kati ya dozi inayoponya na inayoumiza ni ndogo.

Sasa yule jike aliyekufa. Sikumwona, kwa hiyo siwezi kukuapia, ila ulivyoeleza kunafanana sana na ugonjwa ninaoukuta kwa punda wenye mimba mwisho wa kiangazi. Chakula kikipungua ghafla au akigoma kula kwa sababu yoyote, iwe jino, maumivu, au kutenganishwa na mwenzake, mwili wake unayeyusha mafuta yake kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Damu inajaa mafuta, ini linashindwa, naye anazidi kukosa hamu ya kula. Siku ya tatu ni kuchelewa mno. Punda huficha maumivu, kwa hiyo dalili yako ni moja tu: amekataa chakula.

Huyu mwenye mimba, mwondoe kwenye mizigo miezi mitatu ya mwisho. Mimba ya punda huchukua karibu mwaka mzima, kwa hiyo hesabu tangu alipopandwa. Asilale mbali na rafiki yake aliyezoeana naye. Mtengee majani ya karanga yote. Siku utakayomkuta hajagusa chakula asubuhi, usisubiri jioni: mwite afisa mifugo palepale, na wakati unamngoja mpe maji yenye sukari kidogo, majani mabichi laini, marando, maganda ya ndizi, chochote atakachokubali kutafuna. Usimmiminie kitu mdomoni kwa nguvu, kinaweza kuingia mapafuni. Niandikie tena Julai unieleze marobota yamefika mangapi na mbavu zao zikoje, nikusaidie kugawa mpaka Novemba.